Shimo Lisilo na Kina

Kwaru.

Mmesikia?
— Tumesikia.
Ni nini hicho?
— Ni kucha na udongo.
Nani anachimba usiku huu?
— Hatumtaji.
Basi mimi nichimbe?
— Chimba.
Nichimbe wapi?
— Palipo laini.
Na nikikuta mwamba?
— Zunguka.

Haya. Nimezunguka, nimetokea Nyika ya Mtitimo, enzi zile wanyama walipokuwa na mahakama na watu walikuwa bado hawana.

Ardhi ya nyika ile ilikuwa ngumu. Kiangazi kikikaza, udongo uligeuka tofali. Twiga akiweka mguu chini, panalia ko, kama mtu amebisha hodi. Hakuna aliyeweza kuchimba. Lakini kila usiku ilisikika kwaru, kwaru, kwaru, na kila kulipokucha palikuwa na shimo jipya, la mviringo, refu, lenye ubaridi mzuri ndani na rundo la udongo mwekundu mlangoni.

Na kila kulipokucha, wa kwanza kufika pale alikuwa Bwana Ngiri.

Ngiri mnamjua. Kichwa kama beleshi, pembe kama bakora mbili zilizopinda, na mkia ambao akikimbia husimama wima kama mlingoti usio na bendera. Alifika alfajiri, akajigaragaza kwenye lile rundo la udongo mpaka akawa mwekundu mwili mzima, kisha akakaa mlangoni akihema. Wapitao walipomkuta, alijishika kiuno.

"Nimechimba tena," alisema. "Mgongo wangu, jamani."

Nao wakampa pole. Wakampa na ndago, vile viazi vidogo vitamu vya kwenye mizizi ya majani, ambavyo Ngiri angeweza kumuuza mama yake kwa ajili yavyo. Aliyetaka kulala shimoni alileta ndago jioni. Asiyekuwa nazo alilala nje. Mashimo mengi yalikaa matupu, kila moja na kinyesi cha Ngiri mlangoni, kuonyesha kwamba lina mwenyewe.

Je, hawakujiuliza ni nani hasa anayechimba? Walijiuliza. Wako waliowahi kumwona kwa mbali, usiku wa mbalamwezi: masikio marefu kama ya punda, pua kama ya nguruwe, mkia mnene, kucha kama majembe. Jina lake walilijua. Lakini Ngiri alikuwa ameeneza neno, kwamba amtajaye yule wa usiku, yule wa usiku humchimbia kaburi. Akalisema misibani, akalisema harusini. Na neno likirudiwa sana huota mvi, na likishaota mvi huitwa mila.

Sasa katika nyika hiyo alikuwako Bi Sange. Mdogo kama panya, pua ndefu kama mkonga wa tembo aliyekonda, miguu myembamba, macho makubwa. Masika yaliyopita alijifungua chini ya majani makavu. Mvua ikaja usiku, ikayabeba majani, ikabeba na watoto. Aliwatafuta mpaka maji yakakauka. Hakuwalilia kwa sauti, maana mdogo akilia kwa sauti husikiwa na mwewe. Mwaka huu alikuwa na mimba tena, na alikuwa amejiapiza kwamba hawa hawatazaliwa chini ya majani.

Akahamia wapi? Akahamia nyumbani kwa Ngiri mwenyewe.

Msishangae. Ngiri huingia shimoni kinyumenyume. Makalio hutangulia, kichwa hufuata, ili pembe zibaki zinautazama mlango. Ndivyo alivyofanya babu yake, ndivyo alivyofanya babu wa babu yake. Kwa hiyo mwenye nyumba huyu hakuwa ameiona nyumba yake hata siku moja. Aliijua kwa makalio tu. Kule nyuma kabisa Bi Sange alikuwa na kona yake, na kitanda cha manyoya, na akiba ya mchwa. Kila jioni aliyaona makalio yakija, bwata, bwata, bwata. Alijibana ukutani, na makalio yakasimama mbele ya pua yake yakaziba nchi nzima.

Na hapo ukutani, kabla giza halijafunga, aliziona alama za kucha. Ndefu, pana, zimepita kwa nguvu. Akatazama miguu ya mwenye nyumba. Kwato.

Akajua. Lakini nani atamsikia kiumbe anayetosha kwenye kiganja? Tena watoto wakizaliwa watalia, na makalio yakisikia kilio yatajua kuna wageni. Alihitaji shimo lake mwenyewe, na alilihitaji kabla ya mvua.

Aliyepeleka kesi mahakamani alikuwa Mzee Nungunungu. Huyu alilala nje kwa kuwa aligoma kutoa ndago, na miiba yake yote ilisimama kila aliposikia neno haki. Mahakama ilikuwa juu ya mwamba. Majaji walikuwa Korongo, wale wenye vipara na makoti meusi, wanaosimama kwa mguu mmoja kama wanaosita kuuweka wa pili. Wao hulala juu ya miti. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuhitaji shimo, na kwa sababu hiyo walilijadili bila upendeleo wowote.

Ngiri akaulizwa mashimo ni ya nani. Akasema ni yake. Akaulizwa kwa nini. Akasema kwa kuwa ameyachimba. Yote? Yote, moja kila usiku, kwa pua yake hii. Jaji Mkuu akagonganisha mdomo, ko ko ko, maana yake limesikika.

Hukumu ilisomwa kutwa. Ilikuwa tamu. Ilianzia kuumbwa kwa udongo, ikawapitia mababu, ikatalii hadi kwenye mito ya mbali ambako mamba wana haki ya ukingo. Jua lilipoelemea magharibi, Jaji Mkuu akafika penyewe.

"Kila kiumbe kina haki ya makazi yenye staha," akasema. "Bwana Ngiri, kwa kuwa yeye ndiye mchimbaji, atahakikisha kila asiye na shimo anapata shimo, hatua kwa hatua, kadiri ya uwezo wake."

Nyika ikafurika nderemo. Kanga walicheza mpaka vumbi likawafuta madoa. Nungunungu alilia machozi. Pundamilia, ambaye hajawahi kulala shimoni maishani mwake, alitoa hotuba. Usiku ule walilala nje wote, lakini walilala na haki. Jana walikuwa na baridi. Leo walikuwa na baridi na haki.

Tusiseme hukumu haikuleta kitu. Kabla yake, aliyelala nje alijiona ana bahati mbaya. Baada yake alijiona amenyimwa. Baridi ni ileile, ila huuma mahali pengine.

Bi Sange peke yake ndiye aliyeinua pua akauliza kama mashimo yatapatikana kabla ya masika. Jaji Mkuu aliinamisha kipara chake kwa huruma ya kweli.

"Mama," akasema, "mahakama haina mamlaka juu ya mvua."

Ngiri naye aliipokea hukumu kwa mikono miwili. Yale maneno "hatua kwa hatua" yalimwingia kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Kesho yake akatoka na ukoo wake kuitekeleza. Akapiga magoti, akakwangua udongo wa juu kwa pua, fyaa, akasogea, fyaa, akasogea. Mpaka jioni kila mnyama alikuwa na shimo lake. Lilikuwa na kina cha kisahani cha kahawa.

Nungunungu alikalia lake. Likaenea nusu ya kalio. Akaenda kulalamika. Ngiri akamjibu kwa upole kwamba hukumu imesema shimo, haikusema kina, na kwamba kwa ajili hiyo ameunda Kamati ya Kina, ambayo mwenyekiti wake ni yeye, katibu ni mkewe, na mjumbe huru ni shemeji yake. Nungunungu akarudi mwambani. Majaji wakasema swali la kina ni zito, lina kina chake, nao watalitazama baada ya masika.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Bi Sange alisikia watoto wakigeuka tumboni.

Jioni ile makalio yakaja kama kawaida, bwata, bwata, bwata. Yakatulia. Ngiri akaanza kusinzia, pembe zikiutazama mlango. Ndipo kule nyuma, kule asikowahi kutazama yeye wala baba yake, ikatoka sauti. Nzito, ya puani, ya kizee.

"Mjukuu wangu."

Mkia wa Ngiri ukasimama, ukagonga dari. Alitaka kugeuka. Lakini ngiri hageuki shimoni, hatoshi. Na kwa mila yao hata kujaribu ni aibu.

"Naam, babu," akasema kwa sauti ndogo.

Sauti ikamsifu. Ikasema mizimu yote ya ukoo inajivunia pua yake. Ikasema sasa kimebaki kitu kimoja, jina lake litajwe milele: azindue shimo mbele ya umma. Awaalike majaji, awaalike wanyama wote, na kila mgeni aje na ndago za pongezi. Ngiri akameza mate. Akauliza, kwa heshima, atachimbaje mbele ya watu. Sauti ikacheka puani. Ikamwambia alfajiri achukue lile shimo jipya, alifunike kwa matawi na nyasi, achomeke unyoya wa mbuni pale pale, na mchana aende alipo unyoya, apige pua mara moja, adondoke ndani, na apokee makofi.

"Babu," alisema Ngiri, "ulikuwa na akili hizi ulipokuwa hai?"

"Nilikuwa nazo," ilisema sauti. "Nilizikalia."

Alfajiri Ngiri akafanya yote kama alivyoambiwa. Akalifunika shimo, akachomeka unyoya, akakimbia kualika. Naye Bi Sange akatoka, akaung'oa ule unyoya, akaubeba mdomoni kama mtu abebaye mwavuli, akauchomeka mbele kidogo, kwenye nyasi zinazofanana na zile, juu ya mwamba uliojificha chini ya udongo mwembamba kama ngozi ya ngoma.

Mchana wageni wakaja. Ndago zikarundikwa mpaka rundo likawa na kivuli. Majaji wakasimama kwa mguu mmoja. Kanga wakapanga mstari, wakaimba:

*Chimba, mwenye kuchimba, chimba,*
*hatua kwa hatua, chimba.*

Ngiri akautazama unyoya. Akapiga magoti. Akapiga pua.

Kwa.

Udongo haukusikia. Akatabasamu kwa wageni, akasema huo ulikuwa wa kupasha misuli. Akapiga tena, kwa. Kanga wakaimba. Akapiga tena, kwa, na pembe moja ikakatika ncha, ikaruka, ikaanguka miguuni pa Jaji Mkuu.

Ngiri akasema udongo wa leo umechoka. Wakaimba. Akasema Kamati ya Kina haijakaa. Wakaimba. Akasema, huku damu ikimtoka puani, kwamba kwa kawaida yeye huchimba usiku. Jaji Mkuu akatazama jua, akasema basi watamsubiri usiku.

Hapo Bi Sange akapenya katikati ya miguu ya wageni, tumbo lake likiburura chini. Aliomba kuuliza swali dogo, la mtu mdogo. Hukumu imesema kadiri ya uwezo. Je, uwezo wa Bwana Ngiri ni kiasi gani?

Majaji wakaangaliana. Nungunungu, aliyekuwa ameihifadhi kesi nzima kichwani, akaikariri: moja kila usiku, kwa pua yake hii. Jaji Mkuu akagonganisha mdomo, ko ko ko.

"Basi uwezo unajulikana," akasema. "Bwana Ngiri atachimba hapa mbele yetu, leo moja, kesho moja, mpaka kila mmoja awe na lake, na liwe na kina kama yale mengine. Mpaka amalize, asionje ndago hata moja."

Ngiri aliweza kustahimili mambo mengi. Aliweza kustahimili aibu, aliweza kustahimili pembe iliyokatika. Lakini alilitazama lile rundo, na rundo likamtazama. Radi ikanguruma mbali. Akarudi nyuma hatua moja, hatua mbili, makalio yakalitafuta shimo lake lililokuwa hapo karibu, yakalipata, yakaingia. Kichwa tu ndicho kilichobaki mlangoni. Hakujua kuna aliyemtangulia ndani akikimbia.

"Babu," akanong'ona. "Babu, uko?"

Kule nyuma Bi Sange alikuwa amejibana ukutani, juu ya zile alama za kucha. Uchungu ulikuwa umemshika. Aliuma manyoya ya kitanda chake, akangoja upite, akaivuta ile sauti ya kizee kutoka puani.

"Niko."

"Sauti inatetemeka. Unalia, babu?"

"Naililia pua yako."

"Nifanye nini?"

"Chimba, mjukuu wangu," ilisema sauti. "Au mtaje anayechimba."

Lile neno la kaburi Ngiri alilitunga mwenyewe, siku moja, akiwa ameshiba, ili acheke. Lakini alikuwa amelirudia kiasi kwamba sasa lilimtisha kuliko lilivyowatisha wengine. Akatazama mawingu. Akatazama rundo. Akasikia kanga wakianza tena, chimba, mwenye kuchimba, chimba.

Akalitaja.

Alilitaja jina lile mbele ya majaji na mbele ya nyika yote, kwa sauti kubwa. Akasema ndiye, ndiye peke yake, na kwamba yeye Ngiri maishani mwake hajawahi kuchimba hata choo. Mimi silirudii hapa. Ninyi wenyewe mmesema hamumtaji.

Wote walitazama chini, wakingoja ardhi ifunguke. Haikufunguka. Tone la kwanza likaanguka kwenye kipara cha Jaji Mkuu, to. Na kutoka mbali, upande wa vichuguu, ikasikika: kwaru.

Majaji waliamua haraka, kwa kuwa walikuwa wanalowa. Kama Ngiri siye mchimbaji, basi mashimo si yake, na kama si yake, kila mmoja na aingie lililo karibu. Hiyo ndiyo hukumu yao fupi kuliko zote, na ndiyo pekee iliyotekelezwa siku ileile. Wanyama wakatimua mbio, puru, puru, puru. Ngiri akaamriwa atoke.

Akatoka. Na alipotoka, kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wao, akageuka na kuchungulia ndani. Akaona dari lilivyo juu. Akaona alama za kucha ukutani. Akaona kitanda cha manyoya, na juu yake Bi Sange, na chini ya kifua cha Bi Sange viumbe wawili wadogo kama mbegu za ukwaju, macho wazi, wakavu.

"Karibu, mjukuu wangu," alisema Bi Sange. "Ila futa miguu."

Ndivyo Ngiri alivyoiona nyumba yake, siku aliyokuwa anaitazama kutoka nje.

Na yule wa usiku? Masika yote alipita, akanusa milango, akasikia pumzi za waliolala, akaenda mbele kuchimba lingine. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote. Hakujua kulikuwa na kesi. Hakuitwa mahakamani, hakutajwa kwenye hukumu, na kwenye sherehe ya kuiadhimisha hakupelekewa mwaliko.

Nungunungu alipata shimo kubwa, na alilistahili. Juma la pili la mvua akaja panya mmoja aliyelowa, akabisha hodi, akaomba kona. Mzee wetu alisimamisha miiba yote mlangoni, akamuuliza ana hukumu?

Basi watoto wazuri, funzo la ngano hii ni kwamba wadogo wasiwadanganye wakubwa, hasa kwa sauti ya babu zao. Funzo la pili, ukinyeshewa, vumilia, kwa sababu haki yako inakuja hatua kwa hatua, na mvua haina adabu ya kungoja. Na funzo la tatu, ukipata nyumba ingia kinyumenyume, usije ukaona kucha za aliyekujengea ukalazimika kushukuru.

Nifukie?
— Fukia.
Nikanyagie?
— Kanyagia, mvua isilifumue.
Nimefukia, nimekanyagia, mikono nimeipangusa. Lakini tulieni kidogo.

Kwaru.

Mmesikia?
— Tumesikia.
Nani anachimba usiku huu?

Wasikilizaji walitazama moto, wakatazamana. Kisha bibi mmoja aliyekaa nyuma karibu na ukuta, ambaye jioni nzima hakuitikia hata mara moja, akakohoa, akasema:

— Mhanga.